Mfuma Nguo Silas Marner na Sisi Tuliostaafu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, Mwalimu Mkuu, walimu, ndugu zangu tuliokula pamoja maharage ya bweni, na ninyi vijana mnaokula maharage hayo hayo hivi leo.

Kamati iliniandikia barua kuniomba nizungumze juu ya "Maisha Baada ya Kazi". Nilipotazama orodha ya wasemaji wa miaka iliyopita nikaona kuwa mada hiyo imekwisha kuzungumzwa na daktari, akafuata mtu wa benki, akafuata bwana mmoja mfugaji wa kuku. Mimi sina dawa, sina mkopo, na kuku wangu ni watatu tu. Kwa hiyo nikaomba ruhusa nizungumze juu ya kitabu. Kamati ilisita, lakini ikakubali, na hapana budi niishukuru kwa moyo huo.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya Kiingereza iitwayo Silas Marner. Ilitolewa mwaka 1861, na mwandishi wake anajulikana kwa jina la George Eliot. Vijana msidanganyike na jina hilo: alikuwa mwanamke, Mary Ann Evans, aliyezaliwa mwaka 1819 katika jimbo la Warwickshire na kufariki mwaka 1880. Alijichagulia jina la kiume, maana siku zile riwaya ya mwanamke iliweza kuhukumiwa kabla ya kusomwa. Alisema kwamba riwaya hii ilimjia kutokana na kumbukumbu ya utotoni, ya siku alipomwona mfuma nguo akipita njiani na mfuko wake mgongoni. Akaacha kazi nyingine kubwa aliyokuwa ameipanga, akaandika hii kwanza.

Sisi tuliisoma tukiwa Kidato cha Tatu, mwaka 1974. Nakala zilikuwa kumi na moja na sisi tulikuwa thelathini na watano, kwa hiyo tulisoma watatu watatu, na aliyekaa katikati ndiye aliyefaidi. Wapo humu ndani wanaokumbuka kuwa mwenzetu mmoja alipewa jina la "Silas" kwa sababu ya macho yake makubwa yasiyoona mbali. Naye yupo leo, amekaa safu ya pili, na sasa ana miwani.

Nitaisimulia kwa ufupi, kwa ajili ya wale ambao hawakuisoma, na kwa ajili ya wale walioisoma wakiwa wamekaa pembeni.

Silas Marner ni kijana mfumaji katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Yumo katika kundi dogo la Wakristo wanaosali mahali paitwapo Lantern Yard. Ni mcha Mungu, ana rafiki wa chanda na pete aitwaye William Dane, na ana mchumba. Ana pia ugonjwa wa ajabu: mara nyingine mwili wake hukauka wima, macho wazi, naye hana habari ya kinachotendeka. Usiku mmoja anakesha na shemasi mgonjwa, mgonjwa anakufa, na fedha za kanisa zinatoweka. Kisu cha Silas kinaonekana pale zilipokuwa. Kundi halimpeleki mahakamani. Linapiga kura mbele ya Mungu, na kura inasema Silas ndiye mwizi. Baada ya muda si mrefu mchumba wake anaolewa na William Dane. Na kisu kile, Silas anakumbuka kuwa mara ya mwisho alikitoa mfukoni ili kumkatia William ukanda, na hakumbuki kukirudisha.

Basi anahama. Anakwenda mbali, katika kijiji cha Raveloe, mahali pa mashamba yenye rutuba na watu wanaokula vizuri, na anapanga kibanda kando ya shimo la mawe lililoachwa. Hapo anaweka mtambo wake wa kufumia, ambao wazee wetu waliuita kitanda cha mfumi, na anafuma kitani. Anafuma kutwa. Maji anachota mwenyewe kisimani, chakula anapika mwenyewe, na jioni anafunga mlango, anafukua matofali chini ya mtambo, anatoa dhahabu yake na kuihesabu. Miaka kumi na mitano inapita hivyo. Hajafika umri wa arobaini, lakini watoto wa kijiji wanamwita mzee.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hupita mbio. Mwalimu wetu wa fasihi alituambia kwamba Silas alikuwa bahili. Tuliandika hivyo katika madaftari na tukapata alama zetu. Lakini ukikisoma kitabu ukiwa mtu mzima unaona kwamba mwandishi hasemi hivyo, au angalau hasemi hivyo tu. Huko nyuma Silas alikuwa akilipwa fedha na kuzitoa kwa ajili ya ibada na sadaka. Akipendacho kwanza ni kazi, na kazi anaipenda kwa kuwa haimuulizi neno. Mguu unakanyaga, uzi unapita, mguu unakanyaga, uzi unapita, na moyo uliovunjika unapumzika kama mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi. Dhahabu inakuja baadaye, kwa sababu kila kitambaa kinalipwa na yeye hana wa kumpa. Mtu wa namna hiyo utamwitaje bahili? Ni mtu aliyedhulumiwa na watu, akaamua kuishi na vitu.

Kipo kisa kimoja kidogo ambacho mwalimu hakukitilia maanani, nami siku hizi ndicho nikipendacho kuliko vingine. Silas ana chungu cha udongo cha rangi ya kahawia, cha kuchotea maji. Miaka kumi na miwili anakwenda nacho kisimani na kurudi nacho. Siku moja anajikwaa, chungu kinavunjika vipande vitatu. Hakitupi. Anaviokota vipande, anavipanga pamoja, anakisimamisha chungu pale pale mahali pake, kiwe ukumbusho. Mtu asiyempenda mtu yeyote anahuzunika kwa ajili ya chungu! Mwandishi anatuonyesha kuwa mapenzi hayajafa. Yamekosa pa kwenda tu.

Na jingine. Mwanzoni mwanzoni, Silas anamwona mke wa fundi viatu akiteseka kwa ugonjwa wa moyo na kuvimba mwili, kama alivyoteseka mama yake. Anamchumia majani ya mmea uitwao foxglove, ambayo kweli yana dawa ya moyo, naye mama yule anapata nafuu. Kesho yake kijiji kizima kipo mlangoni: huyu anataka hirizi ya kikohozi, huyu anataka dawa ya mtoto. Silas ni mkweli, anawaambia kuwa yeye si mganga, anawafukuza. Tangu siku ile kila anayepatwa na balaa anasema mfumaji kamloga. Ndivyo ilivyo vijijini, hata kwetu, hakuna haja ya kwenda Uingereza kuyaona hayo. Mlango uliofunguliwa mara moja ukafungwa tena, na safari hii ukafungwa na pande zote mbili.

Sasa njooni usiku wa wizi. Silas amepewa kipande cha nyama ya nguruwe na mama mmoja mteja wake, jambo la nadra. Anakining'iniza juu ya moto kwa kamba, na kamba ile ameipitisha katika ufunguo mkubwa wa mlango. Kisha anakumbuka kwamba anahitaji uzi kwa ajili ya kazi ya asubuhi. Atoke na ufunguo, nyama ianguke? Hapana. Anatoka, mlango anauacha bila kufungwa, na moto unawaka ndani. Miaka kumi na mitano hajaja mwizi, kwa nini aje leo? Mwandishi anaeleza vizuri sana hapo jinsi mazoea yanavyomlaza mtu: kadiri jambo linavyozidi kutotokea, ndivyo tunavyozidi kuamini kuwa halitatokea, na kwa hesabu za kweli ilipasa iwe kinyume chake. Nilikuwa mtunza ghala miaka kumi na saba, naweza kuthibitisha. Vipuri huibwa katika ghala ambalo halijawahi kuibiwa.

Anakuja Dunstan Cass, mtoto wa pili wa mwenye ardhi, kijana mlevi aliyetoka kumwua farasi wa kaka yake katika mchezo wa kuwinda. Anaingia, anaona nyama, haoni mtu, anaona mchanga uliotawanywa juu ya matofali. Anachukua mifuko miwili ya ngozi na kutokomea gizani. Silas anarudi, anapasha mwili joto, anaamua kuitazama dhahabu yake wakati wa chakula, anatia mkono shimoni, na shimo ni tupu.

Ndugu zangu, nadhani sote tuliosoma tuliambiwa kwamba Silas aliokolewa na mtoto. Kwa heshima zote nilizo nazo kwa marehemu mwalimu wetu, mimi nasema aliokolewa kabla ya mtoto kufika, na aliokolewa usiku huo huo wa wizi. Nitaeleza.

Anatoka mbio kwenye mvua, bila kofia, na kwenda kwenye kilabu cha kijiji kiitwacho Rainbow. Miaka kumi na mitano hajapata kukanyaga pale. Watu wamekaa wanabishana kama mizimu ipo au haipo, na ghafla yeye huyo katikati yao, amelowa, mweupe, macho yamemtoka. Wanadhani ndiye mzimu wenyewe. Kisha anasema kwamba ameibiwa, na kwamba anataka msaada. Wanamkalisha karibu na moto. Wanamvua koti. Wanamuuliza ni kiasi gani, naye anawatajia: pauni 272, shilingi 12 na peni 6. Anamshuku mtu mmoja aliye pale pale, wanamkemea, naye anakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyosingiziwa, anamtaka radhi mtu yule.

Tazameni alichokifanya. Tangu alipofika Raveloe alikuwa ameuza, amelipwa, amelipa. Hakuwa ameomba. Mtu anayenunua kila kitu na kulipa papo hapo hadaiwi na mtu, na asiyedaiwa hana sababu ya kujuana na jirani. Usiku ule anaomba kwa mara ya kwanza. Na kijiji kilichokuwa kikimwogopa kama mchawi kinaanza kumwonea huruma, maana mchawi gani huyo anayeibiwa? Wanamletea soseji. Wanamsimamisha njiani wampe pole. Mzee Macey, karani wa kanisa, anakuja kumfariji kwa maneno marefu ambayo hayafariji hata kidogo. Mama Dolly Winthrop, mke wa fundi wa magurudumu, anakuja na mwanawe mdogo Aaron na mikate ya mafuta iliyochorwa herufi tatu juu yake, herufi ambazo hajui maana yake, ila kaziona kwenye kitambaa cha mimbari kanisani na anaamini lazima ni nzuri. Silas anazisoma zile herufi, naye pia hajui maana yake. Ninapenda sana ukurasa huo. Watu wawili wanatazama mkate, hakuna anayeelewa maandishi, lakini mkate umeletwa.

Ni kwa sababu ya majirani hao kwamba mlango uko wazi usiku wa mwaka mpya. Wamemwambia akeshe asikie kengele za kuuaga mwaka, huenda zikamrudishia fedha zake. Basi anafungua mlango kila mara kutazama theluji. Akiwa ameshika mlango, ule ugonjwa wake unamshika, anasimama kama gogo. Na huko nje, katika theluji, yupo mwanamke aitwaye Molly, mtumwa wa afyuni, mke wa siri wa Godfrey Cass, yaani kaka yake yule mwizi. Alikuwa akienda kumwumbua mumewe kwenye karamu ya baba yake. Analala kwenye theluji na kufa. Mtoto wake wa miaka miwili anaona mwanga, anaufuata kwa miguu yake, anapita pembeni ya Silas, anajilaza mbele ya moto. Silas anapozindukana, kwa macho yake yale mabovu, anaona rangi ya dhahabu sakafuni. Anadhani fedha zimerudi. Anainama, anagusa, na vidole vyake vinakutana na nywele laini zenye joto.

Nina lalamiko langu hapa, nalo ni juu ya Molly. Mwandishi anamzika haraka mno. Kurasa chache, kaburi la maskini, basi. Lakini ametia jambo moja ambalo linanilipa kidogo: Godfrey anautazama uso wa maiti mara moja tu, ananyamaza, anarudi kwenye dansi ili apate kumwoa binti aliyemtaka, na baada ya miaka kumi na sita anaukumbuka uso ule, kila mkunjo.

Ya malezi sitayaeleza yote, lakini vijana lazima niwape moja. Silas anamwita mtoto Hephzibah, jina la mama yake na la mdogo wake aliyekufa, na kwa kifupi Eppie. Kazi haiwezi kungoja, kwa hiyo anamfunga kiunoni kwa utepe mpana wa kitani na kuufunga utepe kwenye mtambo. Utepe unamtosha mtoto kufika kitandani, haumtoshi kufanya balaa. Siku moja Silas anasahau mkasi. Eppie anaukata utepe, anatoka nje, na Silas anamkuta kwenye dimbwi, amevua kiatu anakitumia kama ndoo. Mama Dolly alikuwa amemshauri kwamba adhabu inayofaa ni kumtia mtoto kidogo katika kijishimo cha makaa. Silas, huku moyo ukimwuma, anamtia, anamtoa upesi, anamwogesha, anambadilisha nguo, anageuka kuutazama mtambo. Akigeuka tena, Eppie amekwisha kuingia mwenyewe kwenye makaa, mweusi tititi, anachungulia na kucheka. Ikawa mwisho wa adhabu katika nyumba ile. Waalimu mlioko hapa mtanisamehe.

Lakini angalieni utepe ule. Silas haachi kufuma. Kazi ni ile ile, mtambo ni ule ule, saa ni zile zile za kuamka. Kilichoongezeka ni utepe mmoja kati ya mtambo na mtoto. Na kila kitu asichokijua juu ya mtoto, nguo, chanjo, ubatizo, inambidi akaulize. Mama Dolly alijitolea kumlea mtoto mwenyewe wakati wa kazi. Silas alikataa mtoto asitunzwe naye, lakini hakukataa kufundishwa.

Mimi nilimaliza shule hii, na mwaka 1978 nikaajiriwa katika kiwanda cha nguo, ghala la vipuri. Sitakitaja kiwanda hicho. Nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio nilizijua kwa masikio: mtambo ukikosa uzi mlio unabadilika, nami ghalani nilijua kifaa gani kitakuja kuombwa kabla ya fundi kufika. Saa kumi na mbili na nusu langoni, kadi za vipuri, daftari la kupokelea, saa tisa na nusu nyumbani. Nilipenda kazi ile. Mwezi Machi 1995, wakati mashirika mengi ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa au kufungwa, tulikuta tangazo langoni. Malipo yetu tuliambiwa yanashughulikiwa. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Kwa wiki sita nilivaa na kwenda langoni kila asubuhi, sikuwa peke yangu, na tulisimama pale mpaka saa nne kisha tukatawanyika bila kusemezana sana.

Jirani yetu, mama mmoja mjane muuza samaki wa kukaanga, nilikuwa nimemsalimu kwa miaka kumi na moja. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, za kazi?" Mwisho. Jioni moja unga ulikwisha, mke wangu alikuwa kwao kwa msiba, watoto wawili wananitazama. Nikaenda kuomba kibaba cha unga. Alinipa viwili. Wiki iliyofuata akaja, akasema, "Baba, wewe ni mtu wa hesabu, huyu kijana wangu anafeli. Mfundishe." Aliyekopa unga atakataaje? Nikaweka benchi chini ya mwembe. Kufikia Desemba walikuwa watoto kumi na wanne, na baadhi ya wazazi walilipa kwa mihogo. Baadaye wenye vyombo vya uvuvi wakaniomba niwatunzie daftari la ushirika wao, na kazi hiyo niliifanya mpaka 2017. Kadi nilizozitumia zilikuwa za mtindo ule ule wa ghala. Badala ya vipuri niliandika nyavu.

Sisemi haya ili mnipigie makofi, na naona Ndugu Mwenyekiti anatazama saa. Nasema kwa sababu ya jambo lililotupata mwaka jana. Tulimzika mwenzetu wa darasa letu lile la watu thelathini na watano. Sitamtaja, tuliokuwepo tunamjua. Alikuwa mtu wa ratiba kuliko sisi sote. Bweni zima liliamka kwa kusikia viatu vyake. Alistaafu kwa heshima akiwa na miaka sitini, akajenga ukuta mzuri na geti la chuma. Aliugua miezi saba. Katika miezi hiyo saba hakuna hata mmoja katika chama hiki aliyejua. Kijana wake alituambia msibani kwamba baba alikataza tusipigiwe simu, alisema tuna shughuli zetu, hataki kusumbua watu. Watu wale wale aliokula nao maharage miaka minne! Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Hakuwa na kiburi, Mungu shahidi. Alikuwa mtu aliyelipa kila kitu papo hapo maisha yake yote.

Nirudi Raveloe nimalizie. Miaka kumi na sita inapita, na mwandishi anairuka kwa hatua moja, jambo ambalo mimi naona ni haraka mno, lakini kitabu ni chake. Shimo la mawe linakaushwa maji, na chini yake inapatikana mifupa ya Dunstan Cass pamoja na dhahabu. Alitumbukia usiku ule ule wa wizi. Dhahabu inarudi mezani kwa Silas, naye anaitazama na kuona kwamba haimshiki tena. Jioni hiyo hiyo Godfrey Cass, ambaye sasa ndiye bwana mkubwa wa kijiji na hana mtoto, anakuja na mkewe kusema kwamba Eppie ni damu yake na anataka kumchukua akaishi kama binti wa tajiri. Godfrey si mtu mbaya. Ni mtu aliyengoja mambo yajitengeneze yenyewe. Silas anamjibu kwa uchungu, kisha ananyamaza na kumwachia msichana aseme. Eppie ana miaka kumi na minane. Anasema hawezi kuwa na baba mwingine, wala hataki kuwa bibi mkubwa, na kwamba ameahidi kuolewa na mtu wa kazi. Mtu huyo ni Aaron, yule mtoto wa Mama Dolly aliyekuja na mikate. Godfrey anaondoka akiwa amelipia miaka kumi na sita.

Kabla ya harusi Silas anamchukua Eppie wakasafiri hadi ule mji wa kaskazini. Baada ya miaka zaidi ya thelathini anataka kuuliza ukweli ulikuwaje: kama fedha zile zilionekana, kama mwizi alijulikana, na kama kasisi wao anaweza kumweleza kura ile ilisemaje uwongo. Wanapita vichochoro, wanafika, na Lantern Yard haipo. Pamejengwa kiwanda kikubwa, na wafanyakazi wanamiminika nje kwenda kula chakula cha mchana. Hakuna anayekumbuka lolote. Mtu wa mtambo wa mkono anasimama mbele ya kiwanda, wala mwandishi hasemi neno juu ya kuwa ni viwanda hivyo vilivyowamaliza wafumaji wa namna yake. Silas anarudi nyumbani na kumwambia Mama Dolly kwamba lile jambo litabaki giza kwake mpaka mwisho. Mama Dolly anakubali kwamba yapo mambo mengi ya namna hiyo, nao wanaendelea na maandalizi ya harusi.

Vijana, nimemletea mtunza maktaba nakala mbili. Moja ni mpya. Nyingine ni ile ya shule ya mwaka 1974, yenye muhuri wa shule ukurasa wa kwanza, ambayo mwenzetu mmoja aliiondoa hapa kwa njia asizotaka zichunguzwe, na amenipa nirudishe bila kutaja jina lake. Sura mbili za mwanzo ni nzito, zisukumeni. Kilabu cha Rainbow kiko sura ya sita na ya saba. Na wenzangu wa darasa la 1974, karatasi inayopita mikononi mwenu ni ya nambari za simu na jina la jirani wa karibu wa kila mmoja. Jina la jirani, si la mtoto aliyeko Dar es Salaam. Tafadhali andikeni kwa herufi kubwa, maana nitakayeinakili ni mimi, na macho yangu sasa ni kama ya Silas.